Nikahi Iliyozimika Ukutani

Aibu hii siwezi kuificha, maana nusu ya Mji wa Kale waijua, na nikipita na mkoba wangu wa vifaa hakosi mtu wa kuniuliza, "Rukia, leo waenda kumzimia nani?" Afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia huko barazani imeshatiwa chumvi.

Kazi yangu ni kuweka waifai mahotelini. Basi binamu yangu Mwanaisha alipoposwa, Bibi yetu, ambaye ndiye aliyetulea sote, alisema neno lililonichoma: amewaoza mabinti zake wote na hajapata kuona nikahi hata moja, hata yake mwenyewe (kwetu nikahi hufungwa msikitini na wanaume, sisi wanawake tuko nyumbani na sinia za biriani, twangoja kuambiwa imekwisha ndipo tupige vigelegele). Nami kwa kiherehere changu nikamwambia, "Bibi, hii ya Mwanaisha utaiona."

"Kwa mato yangu haya?"

"Hayo hayo, Bibi."

Ningeweza kumwambia kaka yangu Salim apige simu ya picha kutoka msikitini, yakaisha. La, nilitaka sifa. Kuta za nyumba yetu ni za matumbawe, nene, waifai haipenyi, kwa hiyo nikabandika visahani vyeupe vya waifai kila chumba, na kimoja darini kinachoutazama msikiti ng'ambo ya kichochoro, kipokee picha ya kamera niliyompa Salim aisimamishe mle ndani, vyote nikaviunga kwenye kontrola, kile kijisanduku kinachoviamrisha, ambacho kikizimika navyo vimezimika. Projekta nikaikodi Makadara. Asubuhi ya harusi kontrola ikanionyesha ujumbe kwenye kompyuta: kuna toleo jipya la programu yake, niliweke sasa au baadaye? Nikabonyeza baadaye. (Nilikuwa na hina mbichi mkono mmoja, jamani, nani asome maelezo ya programu siku ya harusi?)

Alasiri picha ilikuwa safi ajabu. Bibi tulimshusha ngazi kwa kiti tukamweka mbele kabisa, akavaa miwani, akamwona bwana harusi, Abubakar, amekaa ukutani pale na joho lake, akacheka kama msichana. Hadi leo nikifumba macho nakiona kile kicheko. Lakini ukumbi ulijaa, na kila mama aliyeingia, baada ya kuulizana hali za watoto, za wajukuu na za jirani, aliniinamia sikioni: "Mwanangu, nambari ya siri ya waifai ni ipi?" Mgeni wa harusi hanyimwi kitu, nikawapa wote. Shekhe alipomshika mkono Abubakar, akina mama wakainua simu kwa pamoja wawaonyeshe jamaa zao wa Uarabuni, na ukuta ukawa mweusi.

Kontrola ilikuwa imejizima. Ikawaka, simu zote zikaivamia, ikazimika tena. Nikapiga kelele, "Zimeni waifai kwenye simu zenu!" na hakuna aliyezima, kila mmoja akidhani aambiwaye ni mwenzake. Nikampigia Salim, hapokei (yumo msikitini, simu ameinyamazisha, mtoto wa adabu yule). Kwa kuchanganyikiwa nikaiunga kompyuta na data ya simu yangu, nikafungua ukurasa wa watengenezaji, nikasahau kabisa kwamba kompyuta ile ile ndiyo iliyofungwa kwenye projekta. Shangazi Zuhura, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akausoma ukuta na kututafsiria kwa sauti ya darasani.

"Wasema wakiingia wengi kwa mpigo, mtambo hujizima. Wasema tatizo hili lajulikana. Wasema walishalitatua zamani, ila mwenye mtambo atakiwa aweke toleo jipya."

"Na mwenyewe aliweka?" mtu akauliza nyuma.

Hapo hapo kikumbusho kikachomoza ukutani, Shangazi naye asikiache: "Yasema hapa aliliahirisha. Leo asubuhi."

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi na mkono wangu wa hina. Na mara zikaja habari kutoka msikitini kwamba nikahi imefungwa. Vigelegele vikapasuka. Bibi alikuwa bado ameutazama ukuta.

"Bado?"

"Imekwisha, Bibi."

Akavua miwani, akaikunja. Nililia nyuma ya meza ya projekta, siwafichi.

Abubakar alipoletwa ampe mkono bibi harusi, Bibi alimkamata kabla hajaufikia mlango wa chumba alimokaa Mwanaisha. "Walikwambia nini huko, nawe ukajibu nini?"

Abubakar, jasho linamtoka, akasema amekubali.

"Si hivyo. Sema kama ulivyosema."

Basi mbele ya wanawake wote wale, mkono wake umo mikononi mwa Bibi, akarudia neno kwa neno kwamba amekubali kumuoa Mwanaisha kwa mahari waliyopatana, na sauti ilimtetemeka mpaka Shangazi Zuhura akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Kigelegele cha kwanza alikipiga Bibi mwenyewe.

Tangu hapo nimeapa: toleo jipya likitoka nalisoma mstari kwa mstari na kuliweka siku hiyo hiyo, hata niwe na hina hadi mabegani. Ndugu zangu wameoa na kuolewa baadaye, na kila nikahi imeonekana ukutani mwanzo hadi mwisho, picha haikwami hata kidogo. Kile kiti cha mbele tu ndicho kitupu, maana Bibi alitutoka kabla ya harusi iliyofuata.