Daktari wa Kikosi cha Mionzi

Daktari yule wa jeshi alikuwa na kawaida ya kusugua viganja mpaka vipate joto kabla hajamgusa askari yeyote, maana asubuhi za Karatu zina baridi kali. Sauti yake ilikuwa ya chini, na majibu ya vipimo aliyafuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Eunike, askari wa kutoka Malambo aliyeomba kuingia kikosi cha usalama wa mionzi, alikiona kidole kikisita kwenye majibu yake. Chembe nyeupe za damu zilikuwa chache, na mionzi huzipunguza zaidi.

“Tumwondoe, afande?” karani aliyekuwa mezani aliuliza. “Nafasi imebaki moja.”

Daktari alimgeukia Eunike. “Uliumwa karibuni?”

“Ndiyo, afande. Homa, wiki iliyopita. Niliogopa kusema.”

“Anayeficha ugonjwa ndiye asiyefaa kufanya kazi na mionzi. Wewe umesema.” Akamwandikia arudi baada ya wiki tatu, ili chembe zilizopunguzwa na homa ziongezeke, kisha akamwambia karani, “Hiyo nafasi isijazwe.”

Eunike alirudi kabla ukungu haujainuka, akatolewa damu tena. Safari hii chembe zilitosha. Daktari aliandika jina lake, akambandika kifuani kifaa kidogo cha kupima mionzi itakayomfikia.

“Kivae kila siku kazini,” alisema. “Mimi nitakisoma kila mwezi.”