Fundi wa Pini Mdomoni

Fundi cherehani hupima kiuno kwa jicho tu, huvuta uzi akiguna, na pini huzibana kwa midomo hata anapozungumza; ndiyo maana "m" humtoka "n", na kwake kila mama ni "nana". Binti wa jirani alipoandika riwaya ya watoto kuhusu mji wao, ikanyakua tuzo, watu walicheka mbavu hawana: fundi wa kitabuni naye huwaita wateja "nana". Fundi mwenyewe akanuna. Siku binti alipokuja kushonewa gauni la hafla, aliingia roho mkononi.

"Shikamoo, fundi. Umenikasirikia kwa yule fundi wa kitabuni?"

Fundi, magoti chini kwenye upindo, pini tele mdomoni, akafoka: "Yule si nini, nana! Si nini kabisa!"

Akajisikia mwenyewe. Pini zote zikamwagika sakafuni kwa kicheko.