Filme ya Pili, ya Kutoka mu Sanduku

Mara ya kwanza niliona mupiga foto ilikuwa ku soko ya Hombo, nikiwa kitoto. Baba alibeba maharagi ya kubadilisha na mafuta ya mawese, mimi nilibeba kuku moja mwenye alinipiga mabawa ku uso njia yote. Mawese ya kule ilikuwa nzito, nyekundu. Ukiweka ku sombe, yale majani ya muhogo, hata mugonjwa anaomba sahani ya pili. Basi mupiga foto akasema, "Simama vizuri, Papa," mwangaza ikapiga, na baba akafunga macho. Tulipoifikisha ile foto nyumbani, mama ya baba aliikataa: "Huyu iko maiti. Haingii mu nyumba yangu." Baba akarudi Hombo kwa miguu, mu mvua, kupigwa ingine yenye macho wazi. Alifika amevimba miguu. Watu walimucheka sana. Yeye akatundika foto yake ku ukuta, akaomba chakula.

Na mimi nilicheka. Nilicheka mupaka zamu yangu ikafika.

Yangu ilianza na vijana wa mulima yetu. Walitengeneza filme ya kuchekesha, kwa telefone, juu ya ekipi ya watu watatu wenye kufukuza mizimu mu nyumba za watu. Shefu wao alishika megafone ya kanisa. Wa pili alichoma pilipili mu sufuria, ju moshi itoe muzimu inje. Wa tatu kazi yake ilikuwa kukimbia wa kwanza. Muzimu nilikuwa mimi: niko murefu, nimekonda, na meno ya mbele ilinitoroka zamani. Shule niliiona kidogo tu, lakini kupiga kelele najua. Ku mwisho walinifunga mu sanduku ya maiti, wakapigilia misumari, na mimi ndani nagombana ju walisahau kunitilia tumbako. Watu walicheka mupaka wengine wakakaa chini. Ile filme ilitembea mu matelefone mupaka Walikale, mupaka kwa wachimbaji wa zahabu kule Omate. Ku njia waliniita Papa Marehemu, na mimi naitika!

Sasa, mimi ni mutu wa mbegu, kama baba yangu. Nachagua maharagi moja moja, nachanganya na majivu, naweka mu vyungu. Mvua ikikaribia, majirani wanakuja na vikapo, wananipa maharagi ya kula, nawapa ya kupanda, mukono kwa mukono. Kijani yote ya ile mulima ilipita mu hivi vidole.

Ule mwaka hakuja mutu. Mvua ikaanza, vyungu vyangu vimejaa. Nikaenda kwa jirani yangu, mama mujane mwenye tulikomaa naye pamoja, mutu asiyeficha neno.

"Dada, unapanda nini?"

"Nimeomba mbegu kule ngambo, ku mulima ingine."

"Na zangu?"

Akaangalia miguu yangu, kama vile anapima kama inagusa chini. "Kaka, tulikuona unapigiliwa misumari. Mbegu ya mukono ya marehemu inaota?"

"Lakini si niko hapa, naongea na wewe!"

"Hata mu sanduku ulikuwa unaongea."

Hata pasta alihubiri kama filme iko filme tu. Wakasema amina, wakaenda kuomba mbegu ngambo.

Njo nikaamua: wale wenye walinifunga njo watanifungua, na kila mutu aone. Nikamukamata kijana mwenye kushika telefone. Tulimuita Direkta.

"Papa, ekipi ilitawanyika. Ule wa kukimbia iko Omate, anachimba."

"Mwite."

"Nimuambie nini?"

"Muambie kazi iko ileile, ya kukimbia."

Nilituma neno kwa watu wa pikipiki, nikatuma tena, nikatuma tena, mupaka akafika, na udongo ya Omate ingali mu masikio.

"Mu ya pili," Direkta akasema, "utakuwa muzimu mubaya zaidi."

"Mu ya pili natoka muzima."

"Papa, mutu muzima hachekeshi!"

"Basi wasicheke."

Tukavutana mupaka akakubali: ekipi itafungua sanduku, itakuta nilikuwa nimelala usingizi tu. Bibi yangu wa ndoa aliposikia naingia tena mu sanduku, alikuja, akaingia mwenyewe mbele yangu, akalala, akatoka. "Iko na musumari moja ya kuchoma mugongo," akasema. "Uchunge."

Asubuhi ile mulima yote ilikuja. Nililala mu sanduku, mbegu mu mufuko ya koti. Nikangojea kufunguliwa. Nikasikia megafone: "Muzimu amerudi! Leteni misumari!" Kisha nyundo.

"Direkta! Hiyo ni nini?"

"Vumilia, Papa! Hivi inachekesha zaidi! Tutakufungua mu ya tatu!"

Na moshi ya pilipili ikaingia mu ufa.

Miguu yangu imepanda mulima toka utoto. Nilipiga teke moja, kifuniko ikaruka. Nikasimama nakohoa, napiga chafya, macho na pua vinamwaga maji. Ule wa Omate alikimbia, na mara hii haikuwa mu filme.

"Muangalie!" jirani yangu akasema. "Machozi! Marehemu anatoka machozi?"

"Na kamasi," bibi yangu akaongeza. "Hiyo njo yake, naijua."

Hapo kicheko ikapasuka.

"Papa, rudi ndani! Tunaanza upya!" Direkta akapaza sauti.

Nikatoa muguu moja, nikatoa mwingine. Nikaenda mbele ya jirani yangu, nikatoa mbegu mu mufuko. Aliziangalia. Aliniangalia. Akasukuma mukono mbele, wazi, nikamwaga mbegu ndani, akafunga vidole.

"Papa! Rudi!" megafone inalia.

Nilipita katikati ya watu, nikashika kijia ya mihogo. Filme ya pili inaishia pale, hawakupata ingine: mugongo yangu inashuka, inakuwa kidogo, kisha ni majani tu inatikisika. Sikurudi.