Mama Akihesabu Vitobo

Mama yangu husema sisi ni Waarabu watupu. Nilianza kumshuku kwa sababu ya kofia.

Ilikuwa ya mchumba wangu wa Riyadh. Kwao ni Waunguja kama sisi, ila wanajua babu zao wa Kiarabu hadi wa saba. Mama alikuwa akiishona kwa mkono nyumbani kwetu Ghulail, Jeddah, akihesabu vitobo kwa sauti ya chini: hikro, ba, tre, char, panj. Tangu utotoni nilidhani ni hesabu ya kushonea tu. Safari hii nikatega masikio. Mwarabu gani anahesabu hivyo? Dalili ya mvua ni mawingu. Na wakwe wakimsikia?

Nikamrekodi kwa simu bila kumwambia. Niliporudi kazini Riyadh, kwenye ghala la Al-Sulay, nikamsikilizisha karani mwenzangu, Mhindi aliyesomea lugha za kale. Alifurahi mno, nikazidi kuingiwa na wasiwasi.

"Hiki Kikachi, dada, lugha ya Wahindi wa Kachi. Kwa Sanskrit saba ni sapta. Watu wa kawaida, kwa Prakrit yao, wakailainisha ikawa satta. Mama yako anasema sat. Mbili ilikuwa dve, ikawa be, kwake ba. Maneno ya kale sana haya!"

Ukale ulinihusu nini? Mimi nilisikia kwamba nimedanganywa.

Wiki iliyofuata nikaenda Jeddah, nikamwekea Mama sauti yake mwenyewe.

"Nani alikufundisha?"

Sindano ikasimama. "Bibi yako."

"Alikuwa Mkachi?"

"Alikuwa mama yangu. Alikufa nina miaka tisa. Sura yake siikumbuki, mwanangu. Nilichobaki nacho ni sauti yake akihesabu." Akaitazama simu. "Na wewe ukaifanyia upelelezi."

Niliona haya. Hata hivyo nikamwomba, Mungu anisamehe, asihesabu tena kwa sauti, wakwe wasije wakamsikia. Akasema, "Haya."

Akashona kimya. Vitobo vikampotea, akafumua, akarudia, vikampotea tena.

Mume wangu aliivaa kofia hiyo siku ya nikaha, upande mmoja umepinda. Mama mkwe alikula, akacheka, akambusu Mama kichwani. Hakuna mtu wa kwao aliyeuliza asili yetu. Aliyeuliza nilikuwa mimi tu, na Mama mpaka leo anashona kimya.