Ndia Ndefu

Mimi si mtu wa kusahau. Nasema mapema, msije mkanitafutia huruma baadaye. Mwalimu Nyamai alinifundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Nuu, na kwa neno moja tu alinilisha aibu ya miaka mitatu. Nami nilimrudishia kwa neno hilo hilo.

Ilianza na ubeti. Aliuandika ubaoni kwa ile hati yake ya kulala, ushairi wa kale wa Lamu: "Mbee yangu ndia ndefu, nami pweke ninakwenda." Akatueleza kwamba mshairi amefika ukingoni mwa maji. Darasa zima likakubali, na kwa nini lisikubali? Kwa Kikamba, ndia ni lile shimo la maji mtoni, penye kina, ambapo kila mama amekataza mwanawe asiogelee. Na maji ya kina kwa Kiswahili si huitwa maji marefu? Basi ndia ndefu. Kivumishi kimekaa, neno limekaa, hakuna wa kuuliza.

Mimi nikainua mkono. Kwetu ni Mwingi mjini, lakini nyanya yangu ni mzaliwa wa Lamu, na kwake ndia ni njia. Akinituma dukani alikuwa akisema, "Shika ndia, usisimame na watu." Nikasema hivyo kwa adabu zangu zote. Nyamai alicheka kwanza. Kisha akasema Kiswahili cha jikoni kwa nyanya yangu hakijaandika shairi lolote, akanipigisha magoti mbele ya darasa mpaka kengele ilipolia. Na kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote, kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimeshabatizwa Ndia Ndefu. Jina hilo nililibeba mpaka kidato cha nne.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na kati ya shule zote za nchi hii nikapangiwa Nuu. Nikamkuta Nyamai bado yupo, mkuu wa idara, kichwa cheupe kwa mvi, amebakisha mwaka mmoja astaafu. Mkewe Kathini alikuwa ameshafariki, watoto wako Nairobi na simu hawapigi. Alichobaki nacho ni kitabu. Miaka ishirini alikuwa akikusanya vivumishi ambavyo washairi wa kale waliviambatanisha na neno ndia, kila kimoja na maelezo yake. Ndia nyeusi, akaandika, ni maji yasiyoonyesha chini. Ndia nyembamba ni maji yaliyobanwa na mawe. Ndia panda ilimtoa jasho miezi sita, mwishowe akaamua kwamba ni shimo la maji lenye midomo miwili.

Njia panda, jamani! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu nikashika mbavu.

Maana mswada alinipa mimi, umefungwa kwa uzi. "Khamisa, usome wewe kabla ya mtu mwingine," aliniambia. "Nimealikwa kuuwasilisha Kitui, kwenye kongamano la walimu. Nikiondoka kazini nataka niache kitu. Kama kuna kosa, niambie bila kunionea haya. Kuuliza si ujinga."

Nilikaa nao wiki mbili. Siku ya kuurudisha moyo ulinishtuka kidogo, siwezi kudanganya, kwa sababu katika dibaji alikuwa ameandika habari za mdogo wake, Muthama. Walikuwa wakichunga mbuzi, Muthama akaingia kwenye ndia, hakutoka. Nyamai alipoukuta ubeti ule chuoni miaka mingi baadaye, aliona kama ameandikiwa yeye. Mwingine angelainika. Mimi nilikumbuka sakafu ya lile darasa na magoti yangu juu yake.

"Iko sawa, mwalimu," nikamwambia. "Hata koma sikugusa."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wiki hiyo hiyo akaupeleka kwa mpiga chapa.

Kule Kitui ukumbi ulijaa, kila mtu na nakala yake. Mimi nilivaa nguo niliyoshona kwa ajili ya Idi, nikakaa safu ya pili nione vizuri. Alipofika kwenye ndia nyembamba, walimu wa nyuma walianza kukohoa. Alipofika kwenye ndia panda, kicheko kikapasuka ukumbi mzima, na yeye akangoja kiishe, akidhani kuna kitu kimetokea mlangoni.

Ndipo akasimama mtafiti mmoja mgeni, Bwana Mikail, mtu wa Pwani. "Mzee wangu," akasema, "ndia ni njia. Ndia panda ni njia panda. Mtoto yeyote wa Lamu angekwambia. Kwani hukumuuliza mtu?"

Nyamai akafungua ukurasa wa shukrani. Mimi sikuwa nimeuona, aliuandika baada ya mimi kumrudishia mswada. Akausoma kwa sauti: "Namshukuru Khamisa Faki. Akiwa kidato cha pili aliniambia kuwa ndia ni njia, nami nikampigisha magoti. Tangu siku ile nimejiuliza kama si yeye aliyekuwa sahihi. Kwa hiyo kazi hii nimempa yeye kwanza, na neno lake moja lingetosha niichome. Amesema iko sawa."

Watu waligeuka kunitafuta. Mtu mrefu hajifichi.

Baadaye alinikuta nje, karibu na lango. "Nyanya yako," akauliza, "alikuwa akisemaje alipokutuma dukani?"

"Shika ndia, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayesahihisha daftari akakuta jibu ni sahihi. Kisha akarudi ndani kukusanya nakala zake, kiti kwa kiti.

Sasa amestaafu, analima pojo na mtama. Tukikutana sokoni Nuu hanikwepi, hanuni, lakini tangu siku ile Kiswahili hasemi tena na mtu yeyote. "Wi museo?" ananiuliza, yaani u mzima. Mimi, mkuu mpya wa idara, namjibu kwa Kikamba changu kibovu cha mjini, na makosa yote nayasikia mwenyewe. Yeye hanisahihishi.