Kura ya Mama Mdogo

Niliutaka ukamanda wa sungusungu, sitaficha. Wapo wanaosema waliombwa na wananchi wakakubali shingo upande. Mimi sikuombwa na mtu. Nilirudi kijijini baada ya kustaafu kazi ya magereza, nikiwa na sanduku la bati, kofia moja ya kazi ambayo nilisahau kuirudisha kwa makusudi, na miaka ishirini na miwili ya kusimamia wafungwa kichwani mwangu. Nyumbani nikakuta sina cha kusimamia isipokuwa shamba la muhogo na kuku wa mke wangu, na kuku wenyewe hawakuniogopa.

Ilikuwa miaka ile soko la mazao lilipofunguliwa kwa watu binafsi na kila mwenye gari akageuka mnunuzi. Huko juu Mbinga wanunuzi wa kahawa walifika mpaka mlangoni kwa mkulima, na wezi wakaja nyuma yao. Wenzetu wa Kitura walikuwa wakilala na magunia ya kahawa chini ya kitanda. Sisi wa ziwani, upande huu wa Lundo, tuliibiwa nyavu. Mtu alianika wavu wake mchangani, akienda kula na kurudi anakuta vigingi vitupu. Kamanda tuliyekuwa naye alikuwa mzee wa kuheshimika, lakini siku alipoibiwa wavu wake mwenyewe watu walichoka kumheshimu. Serikali ya kijiji ikatangaza mkutano wa kumchagua mwingine.

Tulijitokeza wawili. Mwenzangu alikuwa mfanyabiashara kijana, aliyepandisha usipa, dagaa wa ziwa letu, mpaka kijiji cha Ruanda, huko juu, na Mbinga mjini, na kurudi na sabuni, betri na mitumba. Ana maneno matamu, anacheka na kila mtu. Nilimdharau. Nilijisemea, huyu hajawahi hata kumfunga mbuzi.

Mimi nilikuwa na mambo mawili ya kuwaambia watu. La kwanza, mimi ni mtoto wa hapa, na nusu ya kijiji ni shangazi zangu, wajomba zangu na watani wangu. La pili, naijua kazi. Namjua mwizi akiwa amevaa na akiwa amevuliwa, namjua anavyosema uongo na anavyolia. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiyasema hayo. Nilivaa ile kofia.

Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Hakungoja nimtume. Akitoka kisimani anasimama kwa huyu, akitoka kanisani anasimama kwa yule. "Mchagueni mwanangu, huyu anaijua serikali." Alikuwa mtu wa kuheshimiwa katika umoja wa akina mama wa parokia, na ukoo wa mumewe ulikuwa mkubwa. Nilijua kabisa kwamba mstari wangu utakuwa mrefu au mfupi kwa sababu yake.

Na nilijua kwa nini ananipigia debe. Aliniambia mwenyewe, siku nilipopita kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nina neno." Alifuta mikono kwenye kanga. "Ukiwa kamanda, si utakuwa na mhuri?"

"Mhuri ni wa kijiji, mama. Lakini nitaandika barua."

"Barua za kwenda polisi? Polisi wa huko mbali pia?"

"Pia."

"Basi utamtafuta mdogo wako. Mimi nikienda kuuliza nani atanisikiliza? Kamanda watamsikiliza."

Nikasema, "Tutatafuta, mama." Nilisema hivyo, mimi.

Maana mdogo wangu huyo, mtoto wake wa mwisho, nilikuwa najua alipo. Nilipoondoka nyumbani kwenda kuajiriwa nilimwacha mtoto wa miaka mitano, na likizo nilizokuja hazikuwa nyingi. Nilikutana naye akiwa mtu mzima, katika gereza moja mbali sana na kwetu, miaka sita kabla ya mkutano huo. Alikuwa ameandikishwa kwa jina jingine na kijiji kingine, kwa kosa la kuvunja duka pamoja na wenzake. Sikumtambua kwa sura. Tulikuwa shambani, jembe likamkata kidole cha mguu, akalia kwa lugha ya nyumbani. Nilimsogelea nikamjibu kwa lugha hiyohiyo. Alinitazama, kisha akanitaja kwa jina.

Alijieleza baadaye, tukiwa peke yetu kwenye boma la nguruwe. Alidanganya jina ili habari isifike parokiani kwao, mama yake asije akakalishwa benchi la nyuma. "Kaka, usimwambie mama," alisema. "Afadhali adhani nimempuuza." Nikaapa. Niliiona ni ahadi ndogo, kwani kifungo chake kilikuwa kifupi, atatoka na kurudi kwao kwa miguu yake.

Hakutoka. Kifua kilimwanza wakati wa mvua na hakikumwacha. Nilimnywesha uji kwa mkono wangu, nikamfumba macho kwa mkono wangu, na siku ya kumzika nikamwomba mkubwa wangu niwe miongoni mwa waliochimba. Nilikuwa askari, sikutakiwa kushika jembe, lakini niliruhusiwa. Tangu hapo kila nilipokuja likizo mama mdogo aliniuliza, "Huko unakozunguka hujamwona mwenzio?" Nami nilimjibu kwamba nchi ni kubwa.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, asubuhi. Utaratibu wetu haukuwa wa karatasi. Wagombea wanajieleza, wanaulizwa maswali, halafu wanasimama mbali kwa mbali na kila mtu anakwenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka. Hakuna siri. Mama mdogo aliketi mbele kabisa na wenzake. Kabla sijaanza kusema nilimpa kofia yangu anishikie, akaiweka mapajani.

Nilijieleza vizuri, nadhani. Walipiga makofi. Kisha yule kijana akaomba kuniuliza swali.

"Afande, mimi nakuheshimu," alisema, akiwageukia watu. "Umefunga milango miaka ishirini na miwili, huko kwa watu. Sisi tulikuwa hapa tukiibiwa, tukizikana. Sasa umechoka ndipo umetukumbuka. Nitajie mtu mmoja tu wa kijiji hiki uliyemfaa kwa kazi yako hiyo. Mmoja, Afande."

Watu wakacheka. Mama mdogo naye alicheka, kwa kunitetea, akimpungia mkono yule kijana akae chini. Lakini mimi niliona damu tu. Mtu mzima niliyezoea kuitikiwa "ndiyo, Afande" na wanaume mia, leo nachekwa na muuza sabuni. Ulimi hauna mfupa.

"Mmoja?" nilisema. "Mtoto wa mama huyu hapa, nani alimlisha akiwa hoi gerezani? Nani alimfumba macho? Nani alichimba kaburi lake? Ni mimi! Wewe ulimfaa nani?"

Bado nilikuwa nimenyoosha kidole kwa yule kijana nilipogundua kwamba hakuna anayecheka. Kijana mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisikia mama mdogo akimuuliza jirani yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amesema mtoto wa nani?" Jirani akasogea karibu. Akamshika mkono.

Natamani kusema mkutano ulivunjika. Haukuvunjika. Mtendaji wa kijiji alinong'ona na mwenyekiti, wakatazama ajenda yao, na kwa kuwa hawakujua la kufanya wakafanya lililoandikwa. Tukaambiwa tusimame. Kijana upande wa mnazi pekee wa shule, mimi upande wa kengele. Watu walibaki wamesimama katikati, wanamtazama mama mdogo, kila mmoja akingoja aone atakapoelekea.

Aliinuka mwenyewe, akakataa kushikwa. Alikuja polepole, kofia yangu mkononi. Nilidhani atanitupia usoni, na ningeshukuru. Akanipita bila kunitazama, akasimama nyuma yangu, wa kwanza. Ukoo wa mumewe wote ukamfuata, na baada yao wengine. Mstari wangu ulizunguka darasa la tatu. Nilishinda.

Wakati wanahesabu nilisikia pumzi yake mgongoni. Nikasema bila kugeuka, "Mama, nisamehe."

"Niliahidi nitakuchagua," alisema. "Na wewe uliahidi utamtafuta. Alizikwa kwa jina gani?"

Nikamwambia. Halikuwa jina la kwetu, lilikuwa la watu wa huko alikofungwa. Alilirudia mara mbili taratibu, ili asilisahau, kisha akanipa kofia na kwenda nyumbani kuanza kulia.

Tulikaa matanga bila kaburi. Nilikaa na wanaume nje, hakuna aliyenisemesha sana. Siku ya mwisho aliniita ndani, akaniuliza mambo machache kama mtu anayesikiliza kesi. Alikula nini mwisho? Uji. Wa nini? Wa mahindi. "Hakuupenda wa mahindi," alisema. "Alipenda wa muhogo." Nikatoka. Nimefikiria swali hilo la uji kuliko yote aliyoniuliza, kwa sababu muhogo ulikuwapo kule gerezani, na ningeulizia ungepatikana.

Kazi ya ukamanda niliifanya vizuri, hata yule kijana alikiri. Nyavu zilipona. Tulikamata watu watatu na hakuna aliyepigwa, maana sikukubali apigwe mtu mbele yangu. Kijiji chote kiliniita kamanda, na nilikuwa nimelitamani jina hilo. Ila hata mama mdogo naye aliniita hivyo. Nikimwamkia anaitika, "Marahaba, kamanda." Neno mwanangu hakunipa tena, wala sikuwa na ujasiri wa kuliomba. Nilikuwa nimewaomba watu kura kwa undugu, na huyo ndiye ndugu wa karibu niliyebaki naye.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya misa ya kuwaombea marehemu, watu hupanga mstari kwa katekista ili waandikiwe majina ya wafu wao. Nilikwenda kumwandikisha mama yangu. Mama mdogo alikuwa mbele yangu katika mstari. Alijua nipo, hakugeuka. Alitaja wazazi wake, mumewe, dada yake. Akamtaja mtoto wake kwa jina la ubatizo. Kisha akataja na lile jina jingine, wazi, bila kukosea hata herufi.

Katekista aliinua kalamu. "Huyu wa mwisho, mama, ni wa ukoo gani? Simfahamu."

"Muulize kamanda," alisema mama mdogo, akijifunga kanga vizuri ili aondoke. "Ni mtu wake."