Nilimweka Mjomba Juu Yangu

Leo nimempandisha mjomba wangu kuwa mkubwa wa hoteli nzima, na sasa siwezi kumshusha.

Msicheke kwanza.

Hoteli yetu hapa Diani imeleta mfumo wa wafanyakazi kusomea mtandaoni. Mimi nikapewa kazi ya kuwapanga watu humo, nani yuko chini ya nani. Kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa mfumo, jina langu lilikaa juu kabisa.

Nikafika kwa Mjomba Juma, mtunza bustani wetu. Kaka yake mama, tumbo moja.

Wadigo wenzangu mnanielewa. Mjomba unamwekaje chini yako? Mkono ulikataa.

Basi nikamweka ngazi moja juu yangu. Heshima tu, jamani.

Kumbe aliye juu ndiye anayeidhinisha kila kitu. Meneja amemaliza somo lake la kuzima moto, cheti hakitoki mpaka Mjomba akubali.

Meneja ameniita ofisini. "Mshushe sasa hivi."

Nikabonyeza. Mfumo ukajibu: "Ombi lako la kumshusha Juma limepelekwa kwa Juma."

Hata sijatoka ofisini, simu ikalia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna ujumbe umeingia kwa simu yangu, naona una jina lako. Miwani nimeisahau nyumbani Munje. Hebu njoo unisomee."

Nimejibanza nyuma ya jikoni naandika haya. Namwona pale kwenye maua, simu mkononi, ananingoja.

Ingekuwa ni nyinyi, mngemsomea nini?